Utamu wa Uvumi: Ballali Yu Hai, na Kagoda Ni Nani?

(Haya ni maneno niliyoyasema usiku wa Ijumaa hapa Al Khoudh, katika mkusanyiko wetu wa familia. Waliokosa kuja wameniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, ila mizaha mengine nimeipunguza kwa heshima ya wazee.)



Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu. Nimeambiwa nina nusu saa, na nimeambiwa nisizungumze maradhi kwa sababu watu wanataka kula kwa raha. Mara ya mwisho nilipopewa nafasi hii nilizungumza shinikizo la damu, na mchuzi wa papa ukarudi jikoni kama ulivyotoka. Kwa hivyo leo nitazungumza uvumi. Lakini mie ni nesi, na nesi haaminiki, maradhi yatakuja tu huko mbele.

Dirisha la jiko la nyumba ya ami yangu linatazama baraza ya nje. Sie tunaokaanga sambusa ndani tunayasikia yote yanayosemwa nje, na wanaume hawajui, au wanajua na ndio maana wanapaza sauti. Katika dirisha lile nimesikia nani hasa aliyeyapanga mapinduzi ya 1964, na kila wiki mpangaji ni mwengine: wiki hii Muingereza, wiki ijayo Nyerere, wiki ya tatu wote wawili na mtu wa tatu ambaye hatajwi jina. Nimesikia mafuta ya Pemba yapo wapi na nani ameyakalia. Nimesikia nani anayeishika dola ya Kimarekani mkononi na siku gani ataiachia. Nimesikia kwamba fulani hakufa, na fulani mwengine alikufa zamani, tunayemuona siye. Wallahi, sambusa ngapi nimeziunguza kwa kusikiliza!

Na hilo nataka tulikubali mwanzo kabisa. Waliosoma wakizungumza habari hizi za njama husema ni ujinga, ni ukosefu wa elimu. Mimi nina digrii na nimeunguza sambusa. Katika baraza lile yumo mhandisi, yumo mwalimu mstaafu, yumo mtu aliyefanya kazi benki miaka 20. Hawa si wajinga. Wanachokifanya pale ni kustarehe. Ni burudani, kama taarabu, kama mpira, na tena ni burudani isiyo na kiingilio. Ina mbaya wake, ina siri yake, ina mlango wa nyuma, na lililo tamu zaidi ni kwamba msikilizaji naye anaingizwa ndani. Mtu ameshinda wiki nzima anaambiwa na bosi wake saini hapa, ngoja pale, kitambulisho kiko wapi. Alkhamisi usiku, na kikombe cha kahawa mkononi, yeye ndiye anayejua. Na sie tulio mbali na kule tulikotoka tunaihitaji starehe hiyo kuliko walioko nyumbani. Wengi wetu kura hatuna, sheha hatujui, diwani hatujui, lakini siri tunayo.

Kwa hivyo sikuja kuwapigeni marufuku. Nimekuja kuuliza jambo moja tu: wakati sie tunastarehe, nani anabaki na kazi ya kusoma hesabu?

Nitaanza na mwaka 1995. Nilikuwa na miaka sita, tunakaa Mwembetanga. Wenye umri wangu na zaidi mnajua ninachotaka kusema: Popobawa. Mambo yake sitayaeleza, hapa pana watoto. Lilianza Pemba, likaja Unguja, na watu wakakimbia vitanda. Watu wazima wanakumbuka hofu. Mie nakumbuka raha! Mtaa mzima unalala nje, mikeka imetandikwa, moto umewashwa, wazee wanasoma Qur'ani, chai ya tangawizi inapita, na sie watoto hatuambiwi tukalale. Bibi yangu akisimulia nani kapigwa juzi, na jirani anaongezea, na mwengine anasema hili si jini la bure, hili limeletwa na serikali watu wasifikirie uchaguzi. Upande wa pili wanasema hapana, limeletwa na wapinzani kuitia serikali aibu. Kila chama kilikuwa na Popobawa lake.

Kuna mambo mawili sikuyajua usiku ule juu ya mkeka. La kwanza, mwaka ule ule mjini Unguja mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati wa watu kwa kudhaniwa ndiye Popobawa. Nililijua hili nilipokuwa mkubwa, tayari ninasomea unesi, na siku hiyo ladha ya ile chai ya tangawizi ilibadilika mdomoni mwangu. La pili ni uchaguzi wenyewe. Oktoba 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu mapinduzi, matokeo ya urais yalitangazwa asilimia 50.2 kwa Salmin Amour na asilimia 49.8 kwa Maalim Seif. Tofauti haifiki hata nusu ya asilimia moja! Wapinzani waliyakataa, waangalizi walikuwa na maswali juu ya hesabu, na chuki iliyotoka pale ilituendesha miaka mingi. Sasa muulizeni kijana yeyote aliyezaliwa baada ya hapo. Popobawa anaijua, mpaka mabawa yake atakuonesheni yalivyo marefu. Hizo tarakimu mbili hazijui. Kijana hana makosa, sie ndio tuliomsimulia moja na kumnyima ya pili, kwa sababu ile ya pili haina mabawa.

Sasa nihame Unguja twende Dar es Salaam, mwaka 2008. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa chuo. Nani anakumbuka EPA? Naona mikono. Haya, nani anaweza kunieleza EPA ni nini? Mikono imeshuka. Msione haya, na mie nilikuwa hivyo hivyo.

Nieleze kwa ufupi, na mtaona wenyewe jinsi isivyonoga. Miaka ya sabini na themanini Tanzania haikuwa na fedha za kigeni. Mfanyabiashara akiagiza mali nje, alilipa shilingi zake Benki ya Taifa ya Biashara, lakini dola za kumpelekea yule muuzaji wa nje hazikuwepo. Deni likabaki. Madeni hayo yakakusanywa katika akaunti, na mwaka 1985 akaunti ikahamishiwa Benki Kuu. Hiyo ndiyo EPA, akaunti ya madeni ya nje. Ikakaa miaka na miaka. Na sheria iliruhusu mwenye deni kule nje kumhamishia mtu mwengine haki ya kulidai. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Kampuni za ndani zikaja na karatasi zikisema, sie ndio tuliorithishwa deni la kampuni fulani ya Ulaya au Japani, tulipeni. Zikalipwa. Katika mwaka wa fedha 2005/06 kampuni 22 zililipwa shilingi bilioni 133, zaidi ya dola milioni 100 za wakati ule. Wakaguzi wa Ernst & Young walipopita, wakakuta kampuni 13 zimechukua bilioni 90 kwa karatasi za kughushi, na nyengine 9 zimechukua bilioni 42 na ushei bila ya karatasi za kutosha. Kampuni moja peke yake, Kagoda, ilichukua takriban bilioni 40.

Dkt. Willibrod Slaa alilisema jambo hili mwaka 2007 na wengi wakaona ni maneno ya siasa tu. Januari 2008 Ikulu yenyewe ikayatoa matokeo ya ukaguzi, na Gavana wa Benki Kuu, Daudi Ballali, akaondolewa. Wakati huo alikuwa Marekani kwa matibabu. Mwezi wa Mei 2008 zikaja habari kwamba amefariki huko huko.

Jamani, hapo ndipo raha ilipoanza! Hakufa. Amefichwa. Ameonekana. Kaburi lina mawe. Amelishwa sumu, kisha hakufa, kisha akafichwa. Dar es Salaam nzima ilikuwa inachezea filamu hiyo. Ndani ya daladala huwezi kusikia konda anavyoita vituo.

Na mie hapa ninayejifanya mwalimu wenu nilikuwa mchezaji mkuu. Bwenini waliniita, "We si unasomea unesi, hebu tueleze." Nilikuwa nina miezi michache tu darasani, nimejua kuosha mikono na kutandika kitanda cha mgonjwa. Lakini nilikaa juu ya kitanda, wenzangu wamenizunguka, nikaeleza dawa gani inaweza kumlaza mtu akaonekana amekufa, na mapigo ya moyo yanavyofichwa, na daktari anavyoweza kusaini cheti bila kuiona maiti. Nilikuwa natunga! Nilikuwa najisikia mwenyewe navyoongeza. Na macho yao yalikuwa kama taa. Tangu siku hiyo nikawa mtu bwenini, hata wa mwaka wa tatu wakawa wananisalimia.

Usiku ule hakuna hata mmoja aliyeniuliza: Kagoda ni nani? Hakuna aliyeuliza hundi zilisainiwa na watu wangapi, maana bilioni 133 haziondoki kwa saini ya mtu mmoja. Hakuna aliyeuliza karatasi za deni la Mjapani zilikaguliwa na nani. Mwezi wa Agosti 2008 Rais Kikwete aliliambia Bunge kwamba bilioni 53 na zaidi zimerudishwa, na walioghushi wakaongezewa muda wa kumalizia. Fikirini hilo. Mwizi wa kuku hupigwa mtaani, na mwizi wa bilioni anapewa tarehe ya kurudisha, naye anarudisha na anaenda zake. Habari hiyo ilitangazwa hadharani, redioni, mchana kweupe, na sie tulikuwa bado tunalitafuta kaburi la Ballali. Baadaye baadhi ya watu walifikishwa mahakamani, wengine wakafungwa. Lakini swali la Kagoda lilipita katikati ya watu milioni 40 kama maji ya Wadi Al Khoudh yanavyopita usiku: asubuhi unaona mawe tu.

Najua mtaniambia, na mzee mmoja keshanyoosha kidole, "Lakini njama zipo! EPA yenyewe si njama?" Ni kweli, zipo. Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, kimya kimya, na watu wakaja kujua mwaka 1993, Bunge likachunguza na Zanzibar ikajitoa mwaka ule ule. Aliyesema mapema angeitwa mzushi. Kwa hivyo sisemi tusishuku. Mtu asiyeishuku serikali yoyote duniani nampa pole. Lakini angalieni hizi njama za kweli zilivyojulikana. Hakuna hata moja iliyojulikana kwa mtu kuota kaburi lenye mawe. Zilijulikana kwa mtu aliyekaa na karatasi mpaka macho yakamuuma. Na zikishajulikana zinakuwa kavu, hazisimuliki. Kwa hivyo tunaziacha tunarudi kwenye tamu, na mwenye kuiba anashukuru. Ukinipa mimi bilioni 40 za haramu, kitu cha kwanza nitakachokinunua ni stori nzuri juu ya mtu mwengine.

Mara nyengine serikali yenyewe ndiyo inayotupikia. Mei 2020, Rais Magufuli alisema hadharani kwamba sampuli za mbuzi na za papai zimepelekwa maabara na zimekutwa na korona. Mmesahau vicheko? Simu yangu ilijaa mapapai yamevaa barakoa. Nilikuwa kazini hapa Muscat, nimevaa nguo za kujikinga saa nane mfululizo, natoka natokwa jasho, nafungua simu naona papai limelazwa kitandani, nacheka peke yangu kwenye gari. Tanzania ilitangaza wagonjwa 509, na baada ya hapo takwimu zikakoma kutangazwa kwa zaidi ya mwaka mzima. Papai tulilisambaza. Kukoma kwa takwimu hatukukusambaza. Mwishoni mwa Januari 2021 chama chake kilitangaza kwamba Maalim Seif ana korona, na tarehe 17 Februari akatutoka. Allah amrehemu. Katika ukumbi huu wapo waliomlilia kama baba, na wapo ambao hawakumpenda, na wote siku ile hatukuwa na tarakimu hata moja ya kututambulisha yeye ni wa ngapi.

Sasa maradhi. Niliwaambia yatakuja.

Ami yangu yupo pale nyuma, mwenye kofia ya buluu, anatikisa kichwa. Amenipa ruhusa. Ami, niendelee? Haya, ameinua mkono, shahidi wangu nyote.

Ami ana kisukari miaka mingi, anapiga sindano za insulini. Usiku mmoja barazani ikaja stori mpya. Dawa ya kumaliza kisukari kabisa imeshapatikana, kampuni kubwa za dawa zimeinunua na kuifungia ndani, serikali za Magharibi zinajua, maana mgonjwa aliyepona ni mteja aliyepotea. Insulini imewekwa makusudi ili mtu asipone. Ikasimuliwa vizuri sana. Kulikuwa na daktari aliyetoweka, kulikuwa na sanduku, kulikuwa na simu iliyopigwa usiku. Nilikuwa dirishani. Nilisikia kila neno. Mimi, nesi, mwana wa ndugu yake, niliyekuwa nikimuona kila wiki na kalamu yake ya insulini kwenye friji, nilisimama na mwiko mkononi nikacheka, nikawaambia wenzangu jikoni, "Sikilizeni hii, leo wamevuka mipaka." Tukaizima redio tusikie vizuri.

Sikutoka nje. Kwanza, mtoto wa kike haingii baraza ya wazee kukatiza maneno. Lakini hiyo ni sababu ya kujitetea. Sababu ya kweli ni kwamba ilikuwa tamu na nilitaka nijue yule daktari alipotelea wapi.

Ami aliacha sindano. Hakumwambia mtu. Alikuwa akinunua unga wa majani kwa mtu. Jina la mtu huyo silitaji, naye pia alikuwa akiamini. Baada ya wiki kadhaa kiatu kikamchubua, na kidonda cha mguu wa mwenye sukari iliyopanda hakina haraka ya kujitangaza, kwa sababu mguu wenyewe hausikii maumivu. Alipoletwa hospitali vidole viwili vilikuwa vyeusi. Vilikatwa. Nilimfunga bendeji mimi mwenyewe nyumbani, siku 40 na zaidi, na kila siku nikifungua nilikuwa nalikumbuka dirisha lile.

Na hapa linarudi lile lile la Kagoda. Habari ya insulini ina kashfa ya kweli ndani yake, na wala haijafichwa. Waliogundua insulini kule Toronto waliiuza haki yake kwa chuo kikuu chao mwaka 1923 kwa dola moja moja, kwa sababu waliona si jambo la kufanyia biashara. Miaka 100 baadaye, sehemu kubwa kabisa ya soko la dunia imeshikwa na kampuni tatu, Eli Lilly, Novo Nordisk na Sanofi. Huko Marekani bei ilipandishwa mwaka hadi mwaka mpaka wagonjwa wakawa wanagawa dozi nusu nusu, na wengine wakafa kwa kugawa. Mwaka 2023, baada ya kelele nyingi za wagonjwa na za wanasiasa, kampuni zikatangaza kuteremsha bei. Yote hayo yameandikwa, yamejadiliwa mbele ya kamera. Lakini nani atakaa barazani kusimulia orodha ya bei? Hakuna sanduku, hakuna daktari aliyetoweka. Wenye kampuni wakitaka kutusahaulisha bei, stori ya dawa iliyofichwa inawafaa kuliko tangazo lolote. Na mtu aliyeumia kwa bei, na mtu aliyeumia kwa stori, wote wawili wamelala wodi moja.

Ami alipotoka hospitali alirudi barazani. Mlidhani atanuna? Wiki ya kwanza tu ikaletwa stori, sikumbuki ya nini, dhahabu ya nani imezamishwa wapi. Nilikuwa nimeshamsimulia habari za EPA wakati namfunga kidonda, maana siku 40 ni nyingi na lazima mtu azungumze. Basi akaisikiliza yote, akamwachia msimulizi mpaka akamaliza, akanywa kahawa yake, akauliza: "Na Kagoda ni nani?" Watu wakatazamana. Sasa imekuwa mazoea. Stori ikizidi utamu, kuna mtu atauliza Kagoda ni nani, na msimulizi atacheka au atakasirika, na mara moja moja atakwenda nyumbani na kurudi na karatasi. Wiki mbili zilizopita yule mzee wa benki alileta kijitabu cha hesabu za serikali, wakakaa nacho mpaka saa sita usiku wakigombana juu ya ukurasa mmoja. Jikoni tulilala usingizi. Lakini sambusa hazikuungua.

Nimeonyeshwa saa, namaliza. Kipima sukari kipo juu ya meza ndogo karibu na mlango wa jiko, kwa wanaume, na chengine kipo chumba cha ndani kwa wanawake, dada yangu atakisimamia. Kila mtu kisindano chake kipya. Aliyekwisha kula halua aseme ukweli, tutamuandikia saa aliyokula. Ami atatangulia, na hii ni kwa amri yangu, si kwa hiari yake.

Wabillahi tawfiq.